Ukitaka kumwona nyoka-njuga, mtafute panya kwanza

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu. Tulitoka Uvira, tukakaa kambi ya Nyarugusu miaka mingi, na sasa huu ni mwaka wa nne tuko Tucson, Arizona. Binti yangu Furaha ana miaka 14 na anapenda nyoka kuliko kitu chochote. Anataka kumwona yule nyoka wa hapa anayelia mkiani, tena amwone akiwinda, siyo ndani ya kioo. Tumeenda jangwani mara tano, mchana, tukatembea hadi miguu ikauma. Mara moja tu tulisikia ule mlio, nyoka akaingia chini ya jiwe, basi. Tunakosea wapi? Na mimi nisikufiche, kwetu nyoka akionekana anauawa, kwa hiyo kumpeleka mtoto naogopa. Furaha anauliza pia: vile vipingili vya mkiani vinahesabu miaka yake kweli?" – Mama Furaha, Tucson

Jibu: Marahaba, Mama Furaha, na salamu nyingi kwa binti. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu na mimi nililelewa hivyo hivyo. Dodoma nilikokulia, mtoto akipiga kelele "nyoka!", hakuna anayeuliza nyoka gani, watu wanauliza panga liko wapi. Nilipokwenda kufanya kazi ya kufuatilia nyoka kwa redio (kifaa kidogo anachowekewa nyoka mwilini ili tujue alipo) katika jangwa hilo mnaloishi, niliibeba hofu ile ile, na msimu wangu wa kwanza nilitembea kama mlivyotembea nyinyi: jua la utosi, macho chini, jioni narudi na miiba kwenye suruali na daftari tupu.

Kosa lenu ni kwamba mnamtafuta nyoka. Mtafuteni panya. Nyoka-njuga (namwita hivyo kwa sababu mkia wake unanikumbusha njuga za miguuni mwa wacheza ngoma wa Kigogo, wengine humwita nyoka wa manyanga) hazunguki jangwani akisaka chakula. Huchagua mahali panya anapopita, akajikunja, akangoja. Anaweza kungoja usiku kucha. Anaweza kungoja siku kadhaa. Mtu anayetembea haraka humpita mita mbili bila kujua, na nina hakika katika safari zenu tano mmeshawapita wengi zaidi ya yule mmoja mliyemsikia.

Na ule mlio mliousikia ndio unaowaambia kwamba nafasi ya kumtazama imeshapotea. Hakuna panya anayepigiwa njuga. Njuga hupigiwa kitu kikubwa kinachoweza kumkanyaga: farasi, ng'ombe, mbwa, wewe. Mkia hutikisika hadi karibu mara 90 kwa sekunde moja, na vile vipingili vikavu vya keratini, kitu kile kile kinachofanya kucha zako, vinagongana. Mwaka 2021 watafiti walichapisha jambo lililonifurahisha sana: unapomkaribia, kwanza anaongeza kasi ya mlio pole pole, halafu ghafla anaruka hadi kasi ya juu kabisa, na sikio la mwanadamu linadanganyika likadhani nyoka yuko karibu kuliko alivyo. Kwa hiyo unarudi nyuma ukiwa bado na nafasi ya usalama. Nyoka aliyelia ameacha kuwinda, anafikiria kujiokoa tu. Ukitaka kumwona nyoka mwenyewe, maisha yake yenyewe, umwone kimya.

Arizona ina aina 13 za nyoka-njuga, nyingi kuliko jimbo lolote la Marekani. Tucson na viunga vyake mtakayekutana naye mara nyingi ni yule wanayemwita diamondback, Crotalus atrox: mwili wenye maumbo kama almasi yaliyofifia mgongoni, rangi ya vumbi, na mkia wenye pete nyeusi na nyeupe kabla ya njuga. Kule kwenye mchanga mlaini, magharibi kuelekea Yuma, yupo mdogo wake mwenye vijipembe juu ya macho, sidewinder, anayekwenda kiubavu na kuacha mchangani mistari iliyolala sambamba, kila mmoja umejikunja ncha kama herufi J. Nyayo zake ni kitu cha kwanza ningependa Furaha ajifunze kusoma, maana zikiwa na kingo kali asubuhi mapema, mwenyewe yuko karibu, amejifukia chini ya kichaka, macho tu yako nje.

Nyoka hawa wana kitu ambacho kifutu wetu hana. Kati ya jicho na tundu la pua kuna kishimo, kimoja kila upande, na ndani yake utando mwembamba sana unaohisi joto. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walionyesha kwamba protini inayofanya kazi hiyo inaitwa TRPA1, ambayo kwetu sisi wanadamu ndiyo inayohisi ukali wa haradali. Kwa nyoka huyu usiku wa giza si giza. Panya mwenye damu moto akipita mbele ya mchanga uliopoa, anamwona kama unavyoona kaa la moto jikoni taa ikiwa imezimwa. Vinginevyo tabia yake haina tofauti kubwa na kifutu: mnene, mtulivu, mvumilivu, anayetegemea rangi ya ngozi yake kuliko mbio. Ukimwelewa mmoja, mwingine hakusumbui.

Sasa nikueleze usiku mmoja, ili Furaha ajue anachokwenda kukitafuta.

Tulikuwa na jike mmoja wa diamondback mwenye redio mwilini, tukimfuata tangu Aprili. Mwishoni mwa Agosti alikwenda kulala kando ya kichuguu cha panya mlimbikizi. Panya huyu mtamjua kwa nyumba yake: anakusanya vijiti, vipande vya dungusi vyenye miiba, mavi makavu ya ng'ombe, hata vifuniko vya chupa, anarundika chini ya mpungate mpaka lundo linafika magotini. Kutoka mlangoni kuna vijinjia vilivyosafishwa vizuri, kama njia ya kwenda kisimani. Yule nyoka alijikunja pembeni mwa kijinjia kimoja, duara juu ya duara, kama kata ya kubebea ndoo kichwani, na kidevu amekiweka ukingoni mwa duara la nje, pua imeelekea njiani. Shingo ilikuwa imekunjwa mfano wa S. Hiyo S ndiyo alama ya kuwinda. Nyoka anayelala hukunja kichwa katikati. Nyoka anayengoja chakula huweka kichwa ukingoni na S tayari. Furaha ajifunze kutofautisha mikao hiyo miwili na atakuwa amewapita watu wengi wazima wanaopiga picha za nyoka.

Nilikaa mita nne kutoka kwake, kwenye kigoda, taa nyekundu imefunikwa kitambaa. Saa moja na nusu jioni hadi saa sita usiku. Panya alitoka mara mbili. Mara ya kwanza alifika kama nusu mita, akasimama, masharubu yakicheza, akarudi. Nyoka hakutikisa hata ulimi. Mara ya pili panya alipitia upande mwingine kabisa. Nikarudi kesho yake. Nyoka yuko pale pale, kama vile hakuondoka, panya hakuja. Usiku wa tatu, saa nne kasoro, nilikuwa naangalia saa yangu niliposikia mkwaruzo mmoja mfupi. Nilipoinua macho, kichwa cha nyoka kilikuwa tayari kimerudi mahali pake. Panya aliruka, akakimbia, akapotea gizani. Nilidhani amekosa.

Hakukosa. Hivi ndivyo wanavyofanya: wanamgonga panya, wanamwachia. Panya ana meno makali, na kung'ang'ania mnyama anayepigania roho ni kujitafutia jeraha la jicho. Yule jike alibaki ametulia dakika kadhaa. Kisha ulimi ukaanza kutoka na kuingia, polepole, halafu haraka, na kichwa kikashuka kufuata ardhi, kikiyumba kushoto na kulia. Sumu yenyewe ina protini ndogo zinazobadilisha harufu ya panya aliyegongwa, hivyo nyoka anaweza kumtofautisha huyo na panya wengine wote waliopita njia hiyo hiyo. Jambo hilo lilithibitishwa kwa Crotalus atrox mwaka 2013. Alimfuata kama mita tano, akamkuta chini ya kichaka, akamnusa kuanzia mwilini hadi kichwani, akaanza kummeza kichwa kwanza. Usiku mitatu, na kilichokuwa cha kutazama kilichukua chini ya saa moja. Sijaona kitu kizuri zaidi katika kazi yangu yote.

Lakini ukiishia kwa nyoka utakuwa umeona nusu tu. Mara nyingi panya ndiye anayeshinda, na hapa ndipo ningewaomba mkae sana.

Kuna panya-kangaruu. Mtu aliyekulia maeneo ya nyika Tanzania au Kenya amfikirie kamendegere aliyepunguzwa mpaka anatosha kiganjani: miguu mirefu ya nyuma, mikono midogo, mkia mrefu wenye kishungi mwishoni, anaruka badala ya kukimbia. Aina ndogo iliyopo karibu na Tucson ina uzito wa gramu kama 40. Hanywi maji karibu maisha yake yote. Mwili wake unatengeneza maji kutokana na mbegu anazokula. Na ndani ya fuvu lake kuna vyumba vikubwa vya sikio vinavyomwezesha kusikia sauti nzito, za chini sana, ikiwemo ile ya nyoka anaporusha kichwa.

Watafiti wa San Diego State na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, waliweka kamera zenye kasi kubwa jangwani karibu na Yuma, wakawarekodi sidewinder wakiwashambulia panya-kangaruu wa porini, siyo wa maabara. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2019 yanashangaza. Panya wale huanza kujibu shambulio katika muda wa kama milisekunde 70, wengine hata chini ya hapo. Kupepesa jicho kwako kunachukua kama milisekunde 150. Yaani kabla kope zako hazijafunga na kufunguka, panya ameshasikia, ameshaamua, ameshakuwa hewani. Na akiwa huko juu anajizungusha, na pale nyoka anapomfikia anamrushia teke la miguu yote miwili linalomtupa mbali kabla sumu haijaingia vya kutosha. Ukitazama picha hizo zikiwa zimepunguzwa kasi, utaapa ni mcheza sarakasi.

Kuna tabia nyingine ambayo hamhitaji kamera kuiona, mnahitaji subira tu. Panya-kangaruu akishamgundua nyoka, hakimbii. Anamkaribia. Anasogea, anaruka nyuma, anasogea tena, na zile aina kubwa zinapiga miguu ya nyuma ardhini, du-du-du, na kumrushia nyoka mchanga. Mara ya kwanza nilipoona niliogopa kwa niaba yake. Baadaye nikaelewa: mwindaji wa kuvizia hana kitu tena akishaonekana. Panya anamwambia "nimekuona", na nyoka, akiisha kuambiwa hivyo, mara nyingi hafanyi shambulio, na baada ya muda anaondoka kutafuta mahali pengine. Kwa hiyo mkisikia ngoma ndogo usiku na hamwoni anayepiga, simameni hapo hapo mlipo. Msiende mbele hata hatua moja. Mulikeni ardhini kati yenu na sauti.

Kwa Furaha naongeza mawili, ingawa moja lao ni la California na si la jangwani kwenu. Kindi wa ardhini wa huko, akikabiliana na nyoka-njuga, hupunga mkia wake huku akiutia joto, ili nyoka auone kwa vile vishimo vyake. Akikabiliana na nyoka mwingine asiye na vishimo vya joto, anapunga mkia bila kuupasha moto. Jambo hilo lilichapishwa mwaka 2007. La pili liko huko huko kwenu: bundi mdogo anayekaa mashimoni ardhini, akitishwa akiwa ndani ya shimo, hutoa sauti inayofanana na njuga ya nyoka, na anayetaka kumchimbua anaghairi. Mkipita karibu na shimo mkasikia njuga, anaweza kuwa nyoka, anaweza kuwa bundi. Kwa vyovyote msiingize mkono.

Sasa wakati. Mlienda mchana, na hukuniambia mwezi. Kama ilikuwa Juni, hapakuwa na uwezekano. Ardhi ya jangwa hilo mchana wa Juni hupita nyuzi 60 za Selsiasi, na nyoka mwili wake ukipita kama nyuzi 42 anakufa. Hana jasho la kumpoza. Mchana wote yuko shimoni au chini ya lundo la panya, kwenye kivuli kizito, akingoja kama anavyongoja kila mwenye akili. Machi na Aprili ndipo wanatoka mchana, kwa sababu usiku bado baridi. Asubuhi saa tatu, saa nne, mnaweza kumkuta akiota jua nje ya jiwe. Mei na Juni wanahamia jioni na usiku. Halafu kunakuja mvua za kiangazi, Julai hadi Septemba, na huo ndio msimu wangu.

Usiku wa kwanza baada ya mvua, jangwa lile linakuwa nchi nyingine. Harufu ya vichaka vya kriosoti inapanda, vyura ambao hukuwajua kuwepo wanalia kwenye madimbwi, na nyoka wanatoka kunywa. Nimeona diamondback akijibana mwili ukawa bapa kama chapati, duara limefungwa vizuri, matone ya mvua yanatuama juu ya magamba yake, naye anapitisha mdomo juu ya mgongo wake mwenyewe akinywa, taratibu, tone kwa tone. Alikunywa zaidi ya dakika kumi. Magamba yake yana umbile dogo dogo sana la kuyashika maji yasitiririke. Mwisho wa msimu huo huo, Agosti na Septemba, majike wanazaa. Hawaachi mayai, wanazaa watoto hai, na mama anakaa nao wiki moja hivi au mbili mpaka wajivue ngozi ya kwanza. Mkikuta rundo la vitoto vimelala juu ya mama yao kwenye ufa wa mwamba, tazameni kwa darubini mkiwa mbali na muondoke mapema. Wale ndio mnaoweza kuwatazama na kuwadhuru bila kukusudia, kwa kumfanya mama ahame.

Kuhusu vifaa sina mengi. Buti zinazopita kifundo cha mguu, suruali ndefu, maji mengi kuliko mnavyodhani, taa ya kichwani yenye mwanga mwekundu, darubini ndogo, kigoda. Watu huniuliza kuhusu kamera za mtego zinazojiwasha mnyama akipita. Kwa panya ni nzuri. Kwa nyoka zinawaangusha, kwa sababu nyingi huwashwa na joto linalosogea, na nyoka ana joto sawa na ardhi aliyolala. Mkiwa nayo, iwekeni ipige picha moja kila dakika, mwelekeo wa njia ya panya, muiache.

Kukaa ndiyo kazi. Mkishamwona nyoka amejikunja, simameni mbali, msimzunguke, msipite kati yake na njia ya panya, wala msijipange upande unaotoka upepo kwenda kwa panya. Viatu vinasikika kwake kupitia ardhini. Niliharibu mara moja usiku nne za kungoja kwa sababu nilitaka picha ya upande mzuri zaidi. Nilivuta kigoda hatua moja juu ya changarawe. Nyoka akakusanya kichwa katikati, akakaa hivyo robo saa, akaondoka, na hakurudi mahali pale msimu mzima. Hakunitisha, hakunipigia njuga. Aliondoka tu, na kosa lilikuwa langu peke yangu.

Nije kwenye hofu yako, Mama Furaha, na naomba usione aibu nayo. Hofu ya nyumbani ina sababu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya watu 81,000 na 138,000 wanakufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka, na wengi wao ni wa Afrika na Asia, vijijini, mbali na hospitali, mahali ambapo dawa ya sumu haipo au bei yake haishikiki. Mzazi wa Uvira au Dodoma anayeua nyoka mlangoni anajua anachokiogopa. Marekani hali ni tofauti. Wanaoumwa na nyoka wenye sumu huko ni kama 7,000 hadi 8,000 kwa mwaka, na wanaokufa ni kama 5, kwa sababu dawa ipo na hospitali iko karibu. Haina maana kwamba kugongwa ni jambo dogo. Maumivu ni makali, mtu anaweza kupoteza kidole au nguvu ya mkono, na gharama ya matibabu huko unaijua kuliko mimi.

Kanuni ninayowapa wanafunzi wangu ni mita tatu, haipungui, hata kwa picha. Nyoka-njuga kwa kawaida anarusha kichwa umbali wa theluthi hadi nusu ya urefu wake, na diamondback mkubwa mara chache anapita mita moja na nusu, kwa hiyo mita tatu ni umbali wa kukaa bila wasiwasi. Msiweke mkono wala mguu mahali ambapo jicho halijafika kwanza. Msiruke gogo, kanyageni juu yake, mtazame upande wa pili, ndipo mshuke. Nyoka aliyekufa msimguse, kichwa kilichokatwa kinaweza kuuma kwa muda mrefu baadaye. Na ikitokea mtu amegongwa: mrudi nyuma, avue pete na saa kabla uvimbe haujaanza, atulie, mpige 911 au mwende hospitali moja kwa moja. Msikate jeraha, msinyonye, msifunge kamba, msiweke barafu, msimfukuze nyoka ili mumpeleke kwa daktari. Jiwe jeusi, lile linalosemwa hunyonya sumu, liacheni nyumbani. Namba ya kituo cha ushauri wa sumu, 1-800-222-1222, inafanya kazi saa 24 na unaweza kuomba mkalimani. Iandike kwenye simu ya kila mtu nyumbani leo.

Nyoka akiingia uani kwako, usimuue. Wanaokufa au kujeruhiwa wakijaribu kumuua nyoka ni wengi kuliko unavyodhani, maana unalazimika kumkaribia. Funga mlango, watoto na mbwa wabaki ndani, mwite mtu wa huduma ya kuwahamisha nyoka, na umwombe amwachie karibu, asimpeleke mbali. Nyoka aliyehamishiwa mbali huzunguka ovyo akitafuta kwao, na wengi hawamalizi mwaka. Anajua shimo la kulala wakati wa baridi, anajua malundo ya panya. Umemnyang'anya ramani yake yote. Na ndani ya hifadhi ya taifa, kama Saguaro hapo Tucson, kumgusa au kumsumbua ni kosa la sheria.

Vipingili, Furaha: hapana, havihesabu miaka. Kila akijivua ngozi anaongeza kipingili kimoja, na anaweza kujivua zaidi ya mara moja kwa mwaka, hasa akiwa mdogo na anakula vizuri. Halafu vya mwisho vinakatika kwenye mawe. Kwa hiyo nyoka mwenye vipingili vinne anaweza kuwa mzee kuliko mwenye tisa. Ukitaka kujua kama njuga haijawahi kukatika, tazama kwa darubini kipingili cha mwisho kabisa. Kile cha kuzaliwa nacho ni cha mviringo, laini, kama kifungo. Kikiwepo, njuga ni kamili. Mtoto wa nyoka ana kifungo hicho kimoja tu, na hawezi kulia nacho kwa sababu hakuna kipingili kingine cha kugongana nacho.

Basi wiki hii msitafute nyoka. Nendeni jioni, jua likikaribia kuzama, mkatafute lundo la panya mlimbikizi au vichaka vyenye mashimo manne matano chini yake na mchanga mpya umemwagika mlangoni. Chagueni pawe karibu na njia ya watu. Kwa kijiti kirefu, mkiwa mmesimama na mmeshaangalia vizuri kila upande, sawazisheni kipande cha mchanga mlangoni, ukubwa wa mkeka wa mtoto, kisha mrudi nyumbani. Alfajiri kesho yake, kabla upepo haujaanza, Furaha asome kilichoandikwa. Alama mbili ndogo za miguu ya nyuma zikiwa pamoja, halafu nafasi, halafu mbili tena, na mstari mwembamba wa mkia katikati, huyo ni panya-kangaruu. Mstari mmoja mpana, mzito, ulionyooka, kama mtu ameburuta mpira wa kumwagilia bustani, huyo ni diamondback amepita. Mkiona vyote viwili kwenye mchanga mmoja, wekeni vigoda mita nne kutoka hapo usiku unaofuata, zimeni simu, na Furaha aandike saa panya wa kwanza alipotoka. Nitafurahi kuiona hiyo daftari.